Ukiona Vyapaa, Vimesokotwa

Wahenga walituachia msemo kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Hapana shaka walikuwa wakiyatazama majahazi na mitepe, na walitaka vijana waelewe kuwa nyuma ya kila chombo kilichokaa vyema majini pana fundi aliyetoka jasho. Leo naomba ruhusa ya msomaji niutwae msemo huo niupeleke angani, kwa sababu nataka kuzungumza juu ya chombo kidogo mno ambacho wengi wetu tumekidharau: kidege cha mbao nyepesi kinachoendeshwa kwa mpira uliosokotwa.

Huenda msomaji akajiuliza mtu wa isimu ana lipi la kusema kuhusu vichezeo vya watoto. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika kisa ambacho kimenikera moyoni kwa muda mrefu.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi katika maonyesho ya sayansi ya shule kadhaa za upili. Nilikabidhiwa alama za uwasilishaji, kwa kuwa walionialika waliona, na waliona sawa, kwamba mtu wa lugha hafai kuulizwa habari za umeme na kemikali. Kwenye meza ya mwisho alisimama msichana wa kidato cha pili akiwa na kidege alichokiunda mwenyewe. Kiwiliwili chake kilikuwa kijiti kilichochongwa kutoka kwenye boriti ya mkonge. Mabawa yake yalikuwa vibanzi vya bua la mtama vilivyowambwa karatasi nyororo, na rafadha yake ilikatwa kutoka kwenye chupa ya plastiki. Mpira ulikuwa umenyoshwa chini ya kiwiliwili, ukashikwa na kulabu mbele na nyuma. Msichana yule aliizungusha rafadha kwa kidole mara nyingi hata nikapoteza hesabu, kisha akakiachilia kidege. Kilipanda kwa kasi hadi karibu na dari ya ukumbi, kikazunguka mara mbili, kikashuka polepole kama jani na kutua karibu na meza yetu. Ukumbi mzima ulishangilia.

Kiongozi wetu akamtaka aeleze jinsi chombo chake kinavyofanya kazi. Msichana akaanza kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mpira ukisokotwa hufanya mafundo madogo yaliyopangana. Ukizidi kuusokota, mafundo hayo nayo hufanya mafundo mengine juu yake..." Hakumaliza. Alikatizwa, akaambiwa kwamba lugha ya sayansi ni Kiingereza. Alijaribu maneno matatu manne, akasita, akainamisha kichwa. Katika karatasi ya alama paliandikwa kwamba mtahiniwa hakuweza kueleza kani inayoendesha chombo chake. Nami, mwenye shahada ya uzamifu katika lugha, nilikuwa nimeketi papo hapo. Nikanyamaza.

Baadaye nilimtafuta nje, walipokuwa wakingoja basi la shule, nikamwomba anieleze yale aliyozuiwa kuyasema. Alinitazama kwa wasiwasi kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, mpira una hasira. Hasira zake za kwanza ni kali sana, na usipojihadhari zinaipindua ndege. Baadaye hutulia, ndege ikaenda taratibu mpaka mafundo yaishe. Mimi nataka ipande kwa hasira, isafiri kwa utulivu."

Nilirudi nyumbani nikatafuta vitabu vya fani hiyo, maana nilitaka kujua kama binti yule alisema kweli au alipamba tu maneno. Msomaji, alisema kweli tupu. Mpira uliosokotwa hadi karibu na kikomo chake hutoa kani kubwa ya msokoto kwa sekunde chache za mwanzo. Kani hiyo hushuka ghafla, kisha hukaa kwa muda mrefu ikipungua kidogo kidogo, na mwishoni huporomoka. Wataalamu wa videge hivi huichora hali hiyo kwa grafu, na sanaa yao yote hutegemea kuisoma grafu hiyo vyema. Hata kule kupinduka alikokutaja kuna sababu yake. Mpira unapoisukuma rafadha izunguke upande mmoja, huusukuma mwili wa kidege uzunguke upande wa pili, kama sheria ya tatu ya Newton inavyosema. Ndiyo maana kidege kisichorekebishwa huinamisha bawa moja na kuanguka mara tu kinapoachiliwa. Neno "hasira" halimo katika kitabu chochote cha fizikia, lakini lilibeba maarifa yote yaliyotakiwa na karatasi yetu ya alama.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni porojo za mchezo. Basi na waisome historia. Mnamo tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, kijana Mfaransa aitwaye Alphonse Pénaud, mwenye umri wa miaka 21, alirusha mbele ya watu kidege chenye uzito wa gramu 16 hivi, ambazo kati yake takribani gramu 5 zilikuwa za mpira. Kilisafiri yapata mita 40 kwa sekunde 11. Waliomtangulia walikuwa wamejaribu kutumia upinde na springi za saa, lakini springi ni nzito. Pénaud alitambua kwamba gramu moja ya mpira huweza kuhifadhi nishati mara nyingi zaidi kuliko gramu moja ya chuma. Alitambua pia jambo jingine kubwa zaidi, kwamba mkia mdogo uliowekwa kwa pembe ifaayo nyuma ya bawa hukifanya chombo kijisawazishe chenyewe bila mkono wa mtu. Kanuni hiyo ingali inatumika katika ndege zinazotua Embakasi na Moi hivi leo.

Mwaka 1878, huko Marekani, Askofu Milton Wright aliwaletea wanawe wawili kichezeo cha mpira kilichotokana na michoro ya Pénaud. Kilitengenezwa kwa kizibo, mwanzi na karatasi, nacho kiliruka hadi darini. Wilbur alikuwa na miaka 11, na Orville miaka 7. Walikiita popo. Kilipovunjika waliunda vingine, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, wakashangaa kuona kwamba kadiri vilivyokua ndivyo vilivyokataa kuruka. Miaka mingi baadaye, mwaka 1908, waliandika kwamba utotoni hawakujua kuwa chombo kilichoongezwa vipimo vyake mara mbili huhitaji nguvu mara nane. Hili ni somo la hesabu ambalo mwalimu yeyote angetamani kulifunza kwa namna hiyo: mtoto alikumbane kwanza kwa mikono yake, kisha alione ubaoni.

Ndugu hao ndio walioruka kwa ndege yenye injini mnamo tarehe 17 Desemba 1903. Safari yao ya kwanza siku hiyo ilikuwa ya mita 37 kwa sekunde 12. Msomaji na alinganishe tarakimu hizo na zile za Pénaud. Chombo cha kwanza kilichombeba binadamu kwa injini kilikwenda karibu sawasawa na kidege cha gramu 16 kilichorushwa bustanini miaka 32 kabla yake. Lakini Pénaud hakuishi kuyaona hayo. Mwaka 1876 alipata hataza ya ndege kubwa yenye magurudumu ya kukunjwa, akakosa mfadhili, akachekwa, akavunjika moyo, akafariki mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 30. Kila ninapolikumbuka jambo hilo, namwona yule binti akiinamisha kichwa mbele ya meza yetu. Maarifa hayafi kwa kukosa vitabu tu. Hufa pia kwa kukosa mtu wa kuyasikiliza.

Sasa na tuutazame mpira wenyewe, kwa maana ndio injini. Mwalimu anaweza kuanza somo lake bila kidege chochote. Ampe kila mwanafunzi utepe mmoja wa mpira, ule wa kufungia pesa na vitabu. Mwanafunzi auguse mdomoni, auvute kwa ghafla: atahisi joto. Augoje kidogo ukiwa umevutwa, kisha aulegeze ghafla: atahisi baridi. Jambo hilo liliandikwa mwaka 1805 na Mwingereza John Gough, ambaye alikuwa kipofu, na aliligundua kwa midomo yake. Baadaye sana wanasayansi walieleza kwamba nyuzi ndogo mno zinazounda mpira hukaa zimevurugana kama uzi uliochezewa na paka. Tunapouvuta mpira, tunazinyosha nyuzi hizo na kuzipanga. Tukiuachilia, hurudi katika vurugu zake za asili, na katika kurudi huko ndimo inamotoka kazi inayoizungusha rafadha. Nani atasema kwamba maelezo hayo hayawezekani kwa Kiswahili?

Yapo pia mambo ya ufundi ambayo huwafunza wanafunzi kupima kabla ya kukata. Mpira mnene hutoa kani kubwa lakini haukubali mizunguko mingi. Mpira mwembamba na mrefu hukubali mizunguko mingi, ila kani yake ni dhaifu. Mrushaji hodari hausokoti mpira ukiwa umelegea. Huuvuta kwanza hadi mara tatu au nne ya urefu wake, husokota kwa keekee ya mkono, na husogea karibu polepole kadiri mafundo yanavyoongezeka. Huupaka glisarini au mafuta ya nyonyo ili usijikwaruze wenyewe. Hauguswi kamwe na grisi wala mafuta ya gari, kwa kuwa hayo huuvimbisha na kuuharibu mpira wa asili. Kati ya rafadha na kiwiliwili hutiwa ushanga mmoja wa kioo, ili msuguano upungue. Huko ng'ambo, mashindano ya kimataifa ya videge vya kurushwa ndani ya majumba makubwa huwa na vyombo vyenye uzito wa gramu moja na kitu tu, navyo hukaa hewani kwa takribani nusu saa kwa mpira usiozidi nusu gramu. Nusu saa, msomaji! Kipindi kizima cha darasa hakiuzidi muda huo kwa mengi.

Na mbao zake je? Ndugu zetu wa ng'ambo hutumia balsa, mti unaoota katika misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini, ambao sehemu kubwa ya mbao zake huuzwa na nchi ya Ecuador. Mita moja ya ujazo ya balsa ya wastani huwa na uzito wa kilo 160 hivi, ilhali maji ya ujazo huo yana kilo 1,000. Jina lenyewe ni la Kihispania na maana yake ni chelezo. Mnamo mwaka 1947, Thor Heyerdahl na wenzake walivuka kutoka Peru hadi visiwa vya Polynesia kwa chelezo cha magogo ya balsa kilichoitwa Kon-Tiki, safari iliyochukua siku 101. Hivyo basi mti mmoja huelea na hupaa, na msemo wa wahenga wetu umeenea kotekote.

Kwetu balsa haipatikani kwa wepesi, na ikipatikana bei yake si ya shule ya kijijini. Hicho kisiwe kisingizio. Boriti ya mkonge ni nyepesi na imara, nasi tunayo tele kuanzia Taita hadi Kilifi. Bua la mtama limekuwa mbao ya watoto wetu tangu enzi za mababu. Nani hakuunda miwani, ng'ombe au gari la mabua alipokuwa mdogo? Tahadhari moja tu nitaitoa, kwa kuwa niliipata kwa hasara nilipokuwa mtoto. Niliwahi kuunda videge vitatu kwa mpira niliokata kwenye tyubu ya baiskeli, vyote vikakataa kuruka, nikaamini kwamba sikujaliwa ufundi. Kumbe tyubu nyingi hutengenezwa kwa mpira wa kiwandani uitwao butili, ambao huzuia upepo vizuri lakini hurudisha sehemu ndogo ya nishati uliyopewa. Kosa halikuwa la mikono yangu. Laiti angetokea mtu mzima wa kunieleza hilo!

Nirejee sasa kwenye fani yangu. Baadhi ya wenzangu hudai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi. Dai hilo lina umri mkubwa na ushahidi mdogo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Tunayo kani, tunayo nishati, tunayo msuguano. Tunayo rafadha, na iwapo mtu ataiona ngumu, lipo pangaboi ambalo watu wengi wanalielewa. Neno mpira lenyewe hubeba utomvu, kitu kilichotengenezwa kwa utomvu huo, na mchezo wa miguu, bila mtu yeyote kuchanganyikiwa. Msamiati upo. Kilichokosekana ni kitu cha kuushikilia.

Hapa sina budi kuwalaumu wanaisimu wenzangu pamoja na nafsi yangu. Tumeunda istilahi tukiwa tumeketi kwenye viti vya ofisini, tukazipanga kialfabeti, tukazifungia kabatini, kisha tukalalamika kwamba hazitumiki. Istilahi haiishi kwa kuchapishwa. Huishi pale mtu anapoihitaji ili kazi yake isiharibike. Mtoto ambaye kidege chake kimeanguka mara tano kwa sababu pua yake ni nyepesi, akabandika kipande cha udongo kikaruka, hahitaji kukaririshwa maana ya kitovu cha uzito. Anahitaji jina tu, na ukimpa jina hilo siku hiyo hatalisahau maisha yake yote.

Najua walimu watanikumbusha kwamba mtihani wa fizikia huandikwa kwa Kiingereza, na kwamba kuanzia gredi ya nne Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia. Sikatai. Wala sisemi Kiingereza kitupwe. Mwanafunzi wetu anakihitaji, na anayemnyima anamdhulumu. Ninalosema ni kwamba kuelewa ni jambo moja na kutafsiri ni jambo la pili, na tumekuwa tukimtoza mtoto la pili kabla hajalipata la kwanza. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 na kufika sekondari ya msingi mwaka 2023, unasisitiza kwamba mwanafunzi atende, aunde, aonyeshe anachokiweza. Tutaujuaje umilisi wake tukimfunga ulimi? Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lugha inayofaa Bungeni haiwezi kuwa haramu mbele ya kidege cha mkonge.

Pendekezo langu ni dogo na halina gharama kubwa. Katika muhula mmoja, mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili waketi pamoja. Wanafunzi waunde videge vya mpira kwa vifaa vilivyo karibu nao, wahesabu mizunguko, wapime muda na umbali, wachore grafu. Kisha kila mmoja aandike kwa Kiswahili insha ya ukurasa mmoja akieleza kidege chake kilivyoruka, au kwa nini hakikuruka, na insha hiyo isahihishwe na walimu wote wawili. Baada ya hapo mwalimu wa sayansi awape istilahi za Kiingereza, moja baada ya nyingine, kama nguo za kuvishwa mwili uliokwisha kukamilika. Nina hakika mtihani wao wa Kiingereza hautadhoofika, maana mwenye jambo la kusema hujifunza lugha ya kulisemea upesi kuliko asiye nalo.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msingoje ruhusa. Tafuteni utepe wa mpira, kijiti, karatasi na ushanga. Kidege chenu cha kwanza kitaanguka, na cha pili pia. Andikeni kwa nini kilianguka, kwa lugha mnayoielewa. Mkikosa neno, liundeni.

Ama yule binti, sikupata kujua alikoishia baada ya kidato cha nne. Ninachojua ni kwamba nina deni lake. Siku ile palihitajika mtu mmoja tu mezani aseme, "Mwacheni amalize." Maneno mawili yasingemgharimu yeyote chochote, na mimi ndiye niliyepaswa kuyatamka. Ndiyo maana tangu siku hiyo, kila ninapoalikwa kuwa mwamuzi, hutoa sharti kabla ya kukubali: mtoto aeleze kwanza kwa lugha atakayo. Mara mbili sharti hilo limekataliwa, nami nikabaki nyumbani. Mara nyingine limekubaliwa, na sijasikia mwamuzi yeyote akijuta.